Nusu ya Ngata

Hapa Anomakrom neno forever limechakaa kama ufagio wa sokoni. Saluni ya njia panda inaitwa Forever, na misuko yake haimalizi wiki mbili. Muuza vitambaa anaapa kwa Mungu kwamba rangi ya vitenge vyake ni forever. Ukivifua mara ya tatu, maji ya beseni ndiyo yanabaki na rangi. Vijana hulichapisha kwenye fulana za msiba, chini ya picha ya marehemu, na mwezi haujaisha fulana ileile inapigiwa deki. Hakuna anayelalamika. Ni neno la Kiingereza, na la Kiingereza kwetu halimchomi mtu.

Lakini likitoka kinywani mwa Mwalimu Baaba Entsiwa, lilichoma.

Baaba alifundisha madarasa ya chini katika shule ya misheni mpaka akaota mvi, na nusu ya mji huu ilipata Kiingereza kwenye chaki yake. Forever alilifundisha kwa namna yake. Alisimama mbele, akainua kipande kizima cha chaki ili hata wa nyuma wakione, akakivunja.

"Kitarudi kuwa kimoja?"

"Hakirudi, madam!"

"Kesho je?"

"Hakirudi!"

"Nikilia? Nikiomba msamaha?"

Hapo watoto walicheka, maana nani amewahi kumwona mwalimu akiiomba chaki msamaha. "Hakirudi, madam!"

"Basi hiyo ndiyo forever. Always ni kama kula: unakula kila siku, ila ipo siku unalala njaa. Forever haina siku hiyo."

Lugha yetu wenyewe aliiona laini kwa kazi kama hiyo. Neno letu la milele ndilo hilohilo la kila siku, na mtu anaweza kukuapia kwamba atakujulia hali milele, usimtie machoni tena mpaka msibani. Baaba alilidharau. Alitaka neno lisilo na mlango wa nyuma. Watoto wakampachika jina la Madam Forever, wakawa wanalitamka nyuma ya mgongo wake huku wakichekana, na walicheka hivyo mpaka mwaka ule alipomkata mdogo wake.

Mdogo wake huyo aliitwa Ato Mbrah. Walikuwa wawili tu, tumbo moja. Mama yao aliwalea kwa kuuza dokono, madonge ya unga wa mahindi, mtaa kwa mtaa, sufuria kubwa kichwani na chini yake ngata ya kitambaa cha buluu aliyoisokota mwenyewe. Alipokufa aliwaachia nyumba na ile ngata. Ato hakupenda shule. Alikwenda bara, kwenye mashimo ya dhahabu kando ya mto Ofin, na kila Krismasi alirudi na kicheko kikubwa na mzigo wa viazi vikuu kwa ajili ya dada yake. Na dada yake alikuwa na mtoto mmoja, Jojo.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye baba mambo yanapokuwa mazito. Kwa hiyo Jojo alipomaliza sekondari, akawa anasubiri matokeo na kulala mpaka jua linaingia dirishani, ni Baaba mwenyewe aliyemfungia begi.

"Nenda kwa mjomba wako akufundishe jasho," alimwambia. "Mimi nimekufundisha Kiingereza tu."

Mji mzima unalijua hilo begi. Hakuna aliyewahi kumtajia.

Shimo lilianguka mvua zilipoanza. Ato alikuwa amepanda juu kuchota maji ya kunywa. Jojo alikuwa chini. Walichimba kwa majembe, wakachimba kwa mikono, mto ukaingia, na wenye shimo wakasema basi, yatosha. Ato akarudi Anomakrom peke yake, matope yamemkaukia mpaka kwenye kope, akapiga magoti uani mbele ya dada yake. Hakuwa hata na kiatu cha mtoto cha kumpa.

Kuna adhabu moja kwetu ambayo watu hutishana nayo sana lakini ni nadra kuifanya. Ni kukata ngata. Ukoo unakusanyika, mkuu wa ukoo anamwaga pombe ya jini chini kuwajulisha waliotangulia, anayekata anashika ncha moja, anayekatwa anashika nyingine, na kisu kinapita katikati. Mzigo wetu si wako tena, mzigo wako si wetu. Baada ya hapo huingii nyumbani, salamu yako haiitikiwi, na siku ukifa ukoo hauji kukupokea. Mtu asiye na ukoo wa kumpokea, watoto wake wanaweza kumnunulia jeneza la bei yoyote, hana pa kulazwa ila kule kando ya barabara kuu, kwenye makaburi ya wapita njia.

Ngata ya kukatwa huwa ya majani makavu ya mgomba, iliyosokotwa asubuhi hiyohiyo. Baaba alileta ya mama yao.

"Mwalimu, hapana," alisema Mzee Kwansa, mkuu wa ukoo wao. "Hiyo si ya kukatwa."

"Ndiyo iliyotubeba sisi wawili. Kata, mzee."

"Basi weka upenyo. Sema, mpaka hasira itulie. Wazee wetu waliacha upenyo."

"Sitaki upenyo."

"Baaba, mwanangu. Sema kwa lugha yetu basi. Lugha yetu ina huruma."

Ndipo aliposema lile neno kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani, akimtazama mdogo wake usoni. Ato hakujitetea. Alikuwa ameishika ncha yake kwa mikono miwili, ameiinamisha shingo. Kisu kikapita. Kila mmoja akabaki na nusu, na ya Ato ikaondoka naye mchana uleule.

Tangu hapo hakuna mtoto aliyesema Madam Forever akacheka.

Miaka ikapita. Baaba alistaafu, akanenepa kidogo, akakonda tena. Nusu yake ya ngata aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, akaiona kila alipotoka na kila alipoingia. Anayeuliza kama chuki inaweza kumlisha mtu muda wote huo hajawahi kukaa jirani na Baaba. Inalisha. Tena inashibisha kuliko fufu, ila choo chake hukipati. Kaburi la Jojo halikuwepo, na mama asiye na kaburi la kufagia hutafuta kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Miaka mitatu iliyopita, kipindi cha upepo wa vumbi, adhuhuri, Ato alirudi.

Baaba alikuwa uani kwenye kigoda, anamenya mihogo, karai limejaa. Aliinua macho akamwona amesimama langoni, nje kabisa ya mstari wa geti, vidole vya miguu havijauvuka. Alikuwa amekwisha. Nywele nyeupe, kifua kimeingia ndani, na kichwani mzigo wa umbo la sanduku uliofungwa kwa kitambaa cheupe. Chini ya mzigo palichomoza kipande cha buluu.

"Dada Baaba."

Hakuitika. Desturi yenyewe ilimkataza kuitika, na safari hii desturi na moyo vilikuwa kitu kimoja.

"Dada, sijaja kuingia. Nina mzigo. Nitue tu."

Sasa, kwetu mtu akifika na mzigo kichwani unamtua kwanza. Humuulizi katoka wapi, humuulizi anataka nini. Awe adui yako, awe mchawi anayejulikana, unainuka, unashika upande mmoja, mnashusha pamoja, ndipo ugomvi uendelee kutoka pale ulipoishia. Mtoto wa miaka mitano anajua. Baaba alijua. Lakini aliutazama ule mzigo, akaona kitambaa cheupe cha watu wanaokuja kuomba radhi, akajiambia ndani yake ni viazi vikuu vya Krismasi zile, na chupa ya jini juu yake. Akaona mdogo wake anataka kumnunua. Mwanangu kwa viazi, alifikiri, na kisu kikazama kwenye muhogo zaidi ya ilivyohitajika.

Ng'ambo ya njia, Maame Esaaba, jirani anayekausha samaki kwa moshi, alikuwa ameacha tanuri lake akasimama na kipepeo cha kupepea moto mkononi.

"Mwalimu! Mtue mwenzio!"

Baaba akamenya.

"Mtue kwanza, halafu mfukuze! Mavi ya kale hayanuki, mwenzangu! Huoni shingo inavyomtetemeka?"

Baaba akaweka kisu chini, akamtazama mdogo wake, akasema neno moja. Lilelile. Akachukua tena kisu.

Ato alisimama pale muda wote ambao Baaba alimenya mihogo iliyobaki, na ilikuwa mingi. Kisha aligeuka polepole, mikono miwili imeshika mzigo, akaanza kurudi njia aliyojia. Maame Esaaba akamkimbilia, kipepeo na yote, akarudi amenuna.

"Nimemwambia njoo nikutue kwangu upumzike. Ananiambia huu si wako, mama. Eti si wangu! Kiburi nyumba hiyo mnazaliwa nacho."

Siku ile Baaba alikula vizuri, akaosha na sufuria.

Kuukuwa alikuja mwaka huu, Ijumaa, kabla ya mvua. Ni binti wa Ato, fundi wa kushona huko bara kwa mama yake, na kwa kuwa ni wa ukoo wa mama yake hakuna ngata iliyokatwa iliyomhusu. Aliingia mpaka katikati ya uani, na kichwani alikuwa na mzigo wa umbo la sanduku uliofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Hodi, shangazi. Nitue."

Mwili wa Baaba ulisimama kabla yeye hajakubali. Alishika upande mmoja, msichana akashika mwingine, wakashusha kwenye kigoda. Ulikuwa mwepesi kuliko viazi. Juu ya kichwa cha Kuukuwa ilibaki nusu ya ngata, buluu iliyofifia ikawa kama maji ya jivu. Baaba aliitazama hiyo kwanza.

"Amekufa?" aliuliza.

"Jumapili. Kifua. Vumbi la mawe lilimmaliza."

Baaba alijiangalia ndani kutafuta furaha aliyoiwekea akiba miaka yote hiyo. Akakuta pale ilipokuwa pamejaa uchovu tu.

"Pole," alisema, maana alikuwa mwalimu na adabu haikumtoka. "Kama umekuja kuuliza ukoo, hana ukoo hapa. Wewe si mtoto, unajua."

"Najua. Jeneza tumeshanunua, sisi watoto wake. Tumemleta, yuko hospitali hapa mjini, chumba cha maiti. Wanauliza nani atampokea, nikasema nitauliza. Nimeuliza." Alikaa chini kwenye vumbi bila kukaribishwa. "Lakini huo mzigo ni mwingine, shangazi. Huo ni wako. Aliniambia nisiutue mahali pengine popote."

"Sihitaji viazi vyake."

Msichana alimkodolea macho. "Viazi?"

Kuukuwa alijikokota mpaka kwenye kigoda, akafungua fundo, akakunjua kitambaa. Sanduku la mbao, limepigwa randa vizuri. Akainua kifuniko kidogo, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

"Alichimba," alisema. "Ulipomkata alirudi kulekule. Watu walisema kachanganyikiwa. Mvua zikija maji yanajaa anaacha, anabeba mawe ya watu apate kula. Kiangazi kikija anarudi shimoni peke yake. Mama alimwacha kwa ajili ya hilo shimo. Mimi nilikuwa nampelekea chakula, namwita kutoka juu, anajibu kutoka chini huko, nakaribia, nakaribia. Mpaka siku moja akapanda na shati lake amelifunga fundo."

Baaba alitia mkono ndani ya sanduku. Alishika bizimu la mkanda wa shule, limeliwa na kutu. Kila mvulana wa shule ile alikuwa na bizimu kama hilo, na mashimo yale yamemeza wengi. Moyo ukajishikiza hapo kidogo, ukakataa kuamini. Kisha vidole vikafika kwenye mfupa wa mguu. Jojo alipokuwa mdogo alianguka kutoka mchungwani, na mganga wa mifupa alimfunga vibaya, mguu ukaunga na kigongo upande wa ndani, chini kidogo ya goti. Baaba aliukanda mguu huo kwa mafuta ya mawese kila jioni mwaka mzima. Kiganja chake kilizunguka mfupa, kikafika pale, kikakikuta kigongo.

Alitoa sauti ambayo Maame Esaaba, ng'ambo ya njia, alidhani ni ya mbuzi.

"Aliiosha mwenyewe," Kuukuwa aliendelea, machozi yanateremka na hayafuti. "Akatengeneza sanduku. Dereva gani atapakia mifupa? Mimi leo nimewaambia ni cherehani. Yeye hakuweza kudanganya, kila gari alisema ukweli, kila gari lilimshusha. Akatembea. Aliporudi nao nikamuuliza, baba, vipi tena? Akasema, dada hakunitua."

"Alisema hivyo tu?"

"Hivyo tu. Akauweka chini ya kitanda, akalala juu yake mpaka alipokufa."

Miaka mitatu. Mwanawe alifika mpaka getini, akasimama pale juu ya kichwa cha mjomba wake katika jua la adhuhuri, na yeye mama yake alikuwa anamenya mihogo.

Asubuhi ya Jumamosi ukoo ulikutana uani kwa Mzee Kwansa. Mzee sasa haoni vizuri, lakini masikio yake hayajastaafu. Baaba alifika na nusu zote mbili za ngata, akaziweka miguuni pake.

"Ziunge," alisema. "Inawezekana. Wewe mwenyewe ulituambia iliwahi kuungwa."

"Inaungwa." Mzee alizipapasa akazijua. "Aliyekatwa anashika ncha yake, anasema nimerudi, ukoo unaitika, ndipo sindano inaingia. Ato atasema kwa kinywa gani?"

"Nitamsemea mimi."

"Wewe ndiye kisu, mwanangu. Kisu hakishoni."

Kwenye benchi la nyuma Paa Ekow, ambaye Baaba alimfundisha kusoma, na ambaye hakuwahi kukosa la kusema hata alipokuwa hajui jibu, aliinua mkono kama darasani.

"Madam, leo chaki inarudi?"

Watu wawili watatu wakaguna, mmoja akacheka, akakatisha. Baaba hakumkasirikia. Aligeuka akamtazama vizuri.

"Hairudi, Ekow," alisema. "Ulijibu vizuri siku ile."

Mzee Kwansa aligonga fimbo. "Sikiliza, Baaba. Jojo hakukatwa. Jojo ni wetu, tutampokea kwa ngoma, na nafasi yake iko pale kando ya bibi yake. Leo hii nikiamuru vijana wanaanza kuchimba. Huyo mwingine, mimi roho inaniuma, nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Lakini nilikuomba upenyo, ukakataa. Nilikuomba lugha yetu, ukakataa. Ukoo mzima ulisikia, na waliolala chini walimwagiwa jini wakasikia. Nitawaambia nini sasa? Kwamba mwalimu amebadili mawazo?"

"Waambie alileta mtoto nyumbani."

"Wanajua. Ila mlangoni ulikuwa wewe."

Ni maneno ambayo hata Maame Esaaba na mdomo wake asingeyasema. Baaba aliinama, akaokota nusu zake mbili, na ilimchukua muda kunyooka.

"Basi mimi nitampokea," alisema. "Na Jojo nitamlaza naye. Walikuwa pamoja muda mrefu kuliko mimi nilivyokuwa na yeyote kati yao."

"Kando ya barabara? Na wapita njia?" Sauti ya Mzee ilipanda. "Unajua sheria. Anayempokea aliyekatwa amekatika naye. Hutalala karibu na mama yako, Baaba. Siku yako ikifika hakuna wa kuja kwenye mlango huo. Na hilo, hilo ni..." Akasita, akatafuta neno, na alipolipata akaona haya kulitoa.

"Liseme tu, mzee. Nililileta mimi hapa."

Hakulisema. Alikaa akitikisa kichwa hata baada ya nyayo za Baaba kwisha kusikika.

Wakazika Jumatatu, siku ambayo Jojo alizaliwa. Hospitalini mlinzi wa chumba cha maiti aliuliza kama kawaida, nani wa ukoo wa marehemu, na Baaba akasema, mimi, dada yake. Hakuwa amelitamka neno dada kwa kinywa chake tangu siku ya kisu; lilitoka kavu, akakohoa. Jeneza likapanda kwenye pikapu pamoja na Kuukuwa na wanaume wawili wa kukodi.

Sanduku hakukubali lipande gari.

"Ni mbali, shangazi," Kuukuwa alisihi. "Jua hili. Umri wako huu."

"Yeye alitoka mbali zaidi."

"Nipe basi nizishone hizo nusu, nina sindano hapa. Zitakuteleza kichwani."

"Usizishone. Ziache zilivyo."

Akaziweka utosini, moja huku, nyingine huku, wakamtwika sanduku juu yake. Akapita nalo barabara kubwa ya Anomakrom mchana kweupe, pikapu inatambaa nyuma. Akapita saluni ya Forever, wasusi wakasimama milangoni na vitana mikononi. Akapita shule, ambapo watoto wasiomjua walikuwa wanaimba herufi. Wa ukoo wake walifunga madirisha, kama inavyopasa. Wengine tulitoka nje. Tulivua kofia, lakini hakuna aliyesema pole, kwa sababu hatukujua tumpe pole ya msiba upi. Maame Esaaba alimwacha samaki wake juu ya moto, akafuata kwa mbali akiwa amefunga kitambaa cheusi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa kimya.

Makaburi ya wapita njia hayana mti hata mmoja. Wachimbaji walikuwa wamechimba shimo moja pana, la watu wawili. Walishusha jeneza la Ato kwa kamba, likagusa chini, mmoja wao akapangusa jasho akasema wako tayari na lile dogo. Kuukuwa alimwendea shangazi yake aliyesimama ukingoni, akanyoosha mikono.

"Nikutue, shangazi."

"Bado."

"Wanasubiri."

"Waambie wasubiri."

Wakasubiri. Jua lilikuwa wima. Wale wanaume wakaegemea majembe yao, wakatazamana. Malori yalipita barabarani na kumwaga vumbi, likatulia juu ya jeneza, juu ya kitambaa cheupe, juu ya kope za yule mama. Mikono yake ilishika sanduku pande zote mbili. Shingo ikaanza kumtetemeka, kidogo kwanza, kisha kwa nguvu, na moja ya zile nusu ikachomoza pembeni, buluu yake inaonekana.

Maame Esaaba hakuvumilia tena. "Mtueni mwenzenu, jamani! Mwalimu! Baaba! Kubali utuliwe, utakufa hapo!"

Baaba hakuitika. Akilini alikuwa uani kwake adhuhuri ile, kwenye kigoda, na karai lilikuwa bado limejaa mihogo.